Chumba cha Udongo, Chumba cha Kioo

Jumatatu, 24 Februari

Leo tumefunga vipimajoto viwili katika jengo la Gatera hapa Kibagabaga. Vyote viko ghorofa ya tatu, upande wa magharibi, katika vyumba viwili vilivyo sawa kwa kila kitu isipokuwa uso wa nje. Cha kushoto kimefungwa kioo kitupu kutoka sakafuni hadi darini. Cha kulia kina madirisha ya kawaida yanayofunguka, na mbele yake, kwa nje, vimesimama vikinga-jua vya udongo wa kuchoma, vimegeuzwa ubavu kidogo ili jua la alasiri lipige udongo kabla halijafika dirishani. Michoro ni yangu. Mahesabu ni ya Clovis, mhandisi wetu.

Gatera, mwenye jengo, alikulia Kampala na anapenda maneno machache. Alituambia amechoka kutusikia mimi na mkandarasi tukibishana kuhusu kioo na udongo. Anataka namba. Mwanzoni mwa Aprili tumpelekee, naye achague uso wa jengo zima, ghorofa zote sita.

Nimenunua daftari hili kwa ajili ya namba hizo. Lakini nilisoma Mwanza, kwa mwalimu aliyetulazimisha kuandika shajara kila jioni, na mkono wangu haujawahi kujua kuandika namba tu.

Kwa hiyo na hili liandikwe: tarehe 10 Mei ni siku ya gusaba, siku ambayo watu wa Clovis watakuja kuniomba kwa watu wetu. Mama ameshaanza kuhesabu viti.

Jumanne, 25 Februari

Saa kumi alasiri. Jua. Udongo 26, kioo 33.

Jumatano, 26 Februari

Jua. Udongo 26, kioo 32. Clovis alijifungia robo saa katika chumba cha kioo ili aone. Alitoka shati limemganda mgongoni, anacheka. Alisema karani atakayekaa humo ataandika barua ya kuacha kazi kabla ya chakula cha mchana.

Ijumaa, 28 Februari

Jua. Udongo 27, kioo 34.

Asubuhi nilikwenda kwa Daphrose, nje ya Kabuga. Yeye na wanawake kumi na mmoja wana tanuru lao. Miaka yote walikuwa wakichoma vigae vya paa. Vikinga-jua hivi tuliviunda pamoja, yeye na mimi, mwaka mzima. Vya kwanza vilipinda motoni, vya pili vikapasuka, mpaka alipokumbuka kuchanganya udongo wa bondeni na chengachenga za matofali yaliyovunjika. Gatera akichagua udongo, watahitaji kuchoma elfu tano. Daphrose hangojei. Ameshachoma mia sita, na ameshawaambia wateja wa vigae wamsubiri hadi Agosti. Nilimwomba asiwe na haraka, bado haijaamuliwa. Aliniuliza kama nimewahi kuona mtu aliyekaa kwenye vyumba vyote viwili akachagua kile cha joto.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa baba yake Clovis, Kabuga. Mzee Libère alikulia Burundi, akawa mwashi huko na mwashi hapa, na tangu mkewe afariki anapika mwenyewe. Anazungumza nami Kiswahili cha Bujumbura, polepole, kana kwamba kila neno analipima kwa bilauri. Clovis akiwa mbele ya baba yake hupunguza sauti. Nilimtazama akimwosha mzee mikono, akimmiminia maji bila kuharakisha, nikajua kwa nini nimemkubali.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua kubwa ya kwanza. Udongo 23, kioo 24.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Udongo 22, kioo 23.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tangu alfajiri. 22, 23.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. 22, 23. Kukiwa na wingu, vyumba vyote viwili ni ndugu. Ndivyo inavyopaswa kuwa: jua lisipokuwepo hakuna cha kukinga.

Jumatatu, 17 Machi

Mawingu mpaka saa nane, kisha likatoka jua lile la baada ya mvua, linalofanya mvuke upande kutoka ardhini na nguo ziwe nzito mwilini. Udongo 25, kioo 32. Katika chumba cha udongo nilifungua madirisha, upepo wa bondeni ukapita kati ya vikinga-jua ukanikausha shingo. Kioo cha kile kingine hakifunguki. Nilisimama humo dakika tano nikashindwa.

Clovis hakuja kupima. Alikuwa na mkutano Nyarutarama, ofisini kwa Gatera. Sikujua kama kulikuwa na mkutano.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. 23, 24.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. 22, 23. Clovis kachoka. Nilimuuliza ana nini, akasema ni harusi, mipango ni mingi. Ripoti ataiandika yeye, namba ni kazi ya mhandisi. Mimi nipumzike nichague kitambaa cha mushanana, vazi la siku ile. Nilimshukuru.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimejaribu mara tatu kuandika ukurasa huu.

Saa nne asubuhi tulikuwa Nyarutarama. Gatera kichwani mwa meza, mkandarasi pembeni yake, mimi na Clovis ng'ambo. Clovis akasimama akaonyesha mchoro wa namba ukutani. Mistari miwili, mmoja wa udongo na mmoja wa kioo, ikienda pamoja kama reli. Akasema kwa utulivu kwamba katika muda wa vipimo tofauti kati ya vyumba ilikuwa nyuzi moja, mara chache mbili, na kwamba kwa tofauti ndogo kiasi hicho kiyoyozi cha kawaida kinatosha.

Nilidhani amekosea karatasi. Kisha nikasoma tarehe chini ya mchoro. Ulianza tarehe 10 Machi, siku ya mvua ya kwanza. Februari yote haikuwemo. Tarehe 17 haikuwemo, wala siku nyingine yoyote iliyotoka jua. Hakuna namba hata moja aliyoibuni. Alichukua siku za mvua, akaziacha za jua, na kwa sauti ileile akaeleza kwamba vipimo vya mwanzo viliondolewa kwa sababu vyombo vilikuwa bado havijatulia.

Daftari hili lilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya meza, likigusa mguu wangu.

Gatera hakumtazama Clovis. Alinitazama mimi. "Shami," alisema, "wewe ndiye uliyepigania udongo mwaka mzima. Unakubaliana na namba hizi?"

Clovis naye akanigeukia. Sijawahi kuyaona macho yake vile. Hayakuwa ya mtu anayetisha, yalikuwa ya mtu anayeomba. Nikaona tarehe 10 Mei. Nikamwona Mama na viti vyake. Nikajiambia labda kuna jambo silijui, nitamuuliza tukiwa wawili, mume wangu mtarajiwa simvui nguo mbele ya watu.

Nikasema, "Ndiyo."

Gatera akafunga jalada. Ilikuwa haijafika hata saa tano.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Sikwenda kupima.

Jumatatu, 7 Aprili

Wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari imeanza. Mji umenyamaza. Mama amekaa na picha za ndugu zake waliouawa. Wiki hii hakuna anayezungumza habari za harusi wala za majengo, na Mungu anisamehe, nimefurahia kimya hicho kwa sababu kinanificha.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Mama ameniuliza kwa nini sili.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemuuliza. Nilimwomba tukutane kwenye jengo, ghorofa ya tatu, kwa sababu sikutaka tuzungumze mahali penye viti vizuri. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali. Tulisimama kwenye ukumbi kati ya vile vyumba viwili, milango yote wazi, na joto la chumba cha kioo lilikuwa likitufikia kutoka mgongoni mwake.

Hakukana. Hilo lilinivunja zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kumkamata akidanganya, na yeye akanijibu kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Gatera alikuwa na hamu ya kioo tangu mwanzo, alisema, alihitaji tu mtu wa kumpa sababu. Na mkandarasi alimwahidi yeye Clovis kwamba kioo kikipita, mahesabu ya minara miwili ijayo yatakuwa mikononi mwake. Nilimwambia hizo ni sababu alizopewa na wengine. Zake mwenyewe ni zipi?

Akatazama ndani ya chumba cha udongo. Kisha akasema:

"Nyumba ya kwanza ninayoikumbuka ni ya udongo, kule Burundi, kambini. Mvua ikinyesha, mimi na baba tulikuwa tunaushika ukuta kwa mikono usituangukie. Nilikuwa na miaka mitano, Shami. Maisha yangu yote nimekuwa natoka kwenye udongo. Kisha nakuja kukupenda wewe, na wewe unataka kunirudisha."

Nilimwambia huu si udongo ule. Huu umechomwa, una mahesabu yake mwenyewe Clovis, pembe alizozipima yeye. Akasema anajua. Akasema kichwa kinajua, lakini anataka mara moja tu katika maisha yake watu wapite barabarani waone jengo linang'aa, waulize nani kalijenga, na baba yake awe hai kuwasikia.

"Na watakaokaa ndani?" nikamuuliza.

"Watawasha kiyoyozi."

"Ulitoka humo shati limelowa. Ulicheka."

Aliunyoosha mkono kunishika, nami nikaurudisha wangu nyuma bila kupanga. Tulibaki hivyo. Nikamwambia aende kwa Gatera mwenyewe, apeleke siku za jua, nami nitakwenda naye, tutasema tulikosea wote wawili, kwa sababu ni kweli tulikosea wote wawili. Akasema kesho. Tulishuka ngazi, yeye mbele, mimi nyuma, na ile shingo yake niliyozoea kuigusa ilikuwa hatua moja tu mbele yangu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Hajakwenda.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Amesema baada ya Pasaka.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Alikuja kanisani, akakaa nasi, akaimba. Mama alimpa mtoto wa shangazi ambebe. Aliimba vizuri. Nilijaribu kumchukia katika wimbo wa pili nikashindwa.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Hajakwenda. Nikamwambia kwa simu kwamba ninakwenda mimi. Akasema tu, "Unajua maana yake." Nikasema najua.

Gatera alinipokea bila kuketi. Nikaweka daftari hili mezani mbele yake, nikamfungulia kurasa za namba. Alisoma kila siku, kidole kikishuka polepole, Februari mpaka Machi, na alipofika tarehe 17 akarudia. Lazima alisoma na mengine, maana shajara haina pazia. Halafu akaketi.

Nilidhani atapiga kelele. Aliniuliza tu kama siku ile, tarehe tatu, nilikuwa nalo daftari hili. Nikasema nilikuwa nalo mkobani.

"Siku ile sikumuuliza yeye," alisema. "Yeye namjua anataka nini. Nilikuuliza wewe."

Nikasema ndiyo.

Akaniambia vioo viliagizwa siku moja tu baada ya ile 'ndiyo' yangu. Vimeshapakiwa melini, haviwezi kurudi. Kisha jambo ambalo nitalibeba: akasema kweli alipenda kioo, lakini alikuwa amejiandaa kushindwa. Alikuwa amemwambia mkewe kwamba yule binti wa Mwanza pengine atamshinda, na kwamba haitamuuma sana. Alisema hivyo bila ukali, akitazama dirisha. Tangu leo Clovis hayumo katika kazi yake. Wala mimi.

Siku kumi na tisa tangu ile 'ndiyo'. Nimezihesabu mara nyingi kana kwamba zitapungua.

Jumatano, 23 Aprili

Clovis alikuja nyumbani akasimama getini, hakukubali kuingia. Mama alikuwa ndani kwa hiyo tulizungumza kwa sauti ndogo, kama watu wanaopanga zawadi. Alisema hana hasira. Alisema nilikuwa na haki. Alisema vilevile kwamba kila asubuhi akiamka kando yangu atakuwa mtu aliyekutwa na kosa, na kwamba hawezi kuishi akiwa mtu aliyekutwa. Nikamwambia mimi pia nimekutwa. Akasema ndiyo, na labda wawili ni wengi mno kwa nyumba moja.

Aliniomba niwaambie watu wangu, yeye atawaambia wake. Nilimwona akienda hadi kona. Hakugeuka, na sikumwita.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Vipimajoto vimeshushwa. Sina cha kupima.

Jumamosi, 26 Aprili

Kabuga, kwa Daphrose. Nilitaka asikie kutoka kinywani mwangu. Nilikuta vikinga-jua vimefika mia tisa na arobaini, vimepangwa safu chini ya bati, vyekundu, vimenyooka, hakuna hata kimoja kilichopinda. Nilimweleza yote, pamoja na ile 'ndiyo'. Wanawake wengine waliacha kukanda wakasikiliza.

Daphrose akasema, "Iko sawa." Akashika ncha ya turubai kuvifunika visinyeshewe, kisha akaiachia, maana vya nini sasa. "Iko sawa," akasema tena. Mara ya tatu sauti haikutoka. Akageuka akaingia tanurini na ufagio, akafagia majivu mahali palipokuwa pameshafagiliwa.

Nilibaki na wale wengine. Mmoja aliniletea kigoda. Nilitamani wanitukane. Waliniambia ihangane, pole, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Alipotoka, Daphrose aliniambia ameshawapigia simu wale wateja wa vigae. Wawili wamekwenda kwingine, mmoja bado yupo. Jumatatu wanaanza.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 1 Mei

Mama anajua. Hakulia. Alikaa kitandani kwangu akaniuliza kama tungeoana iwapo ningenyamaza. Nikasema pengine. Akauliza ningekuwa mke wa namna gani. Kisha akazima taa akabaki hapohapo gizani, mkono wake juu ya mguu wangu, mpaka nikalala.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Viti vimerudishwa.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Nimepita barabara ya juu nikaona mafundi wanang'oa vile vikinga-jua vya ghorofa ya tatu. Walikuwa wanavishusha kwa kamba, kimoja kimoja, kwa uangalifu. Sikusimama.

Jumamosi, 10 Mei

Nilikuwa nimeamua kulala siku nzima. Saa nne asubuhi Mama akanigongea, akasema kuna mgeni, nivae.

Sebuleni alikuwa Mzee Libère. Peke yake. Amevaa suti ya kijivu, ile ambayo bila shaka alikuwa ameinunulia siku hii, viatu vimepigwa kiwi, suruali imelowa magotini kwa mvua. Amekaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mapajani. Mjomba wangu, ambaye angekuwa msemaji wetu, alikuwa ameitwa haraka kutoka ng'ambo ya barabara na bado alikuwa anafunga vifungo vya shati.

Mzee alingoja tukae wote. Kisha akasimama, kama anavyosimama msemaji wa upande wa kijana, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu:

"Niliwaambia nitakuja tarehe kumi. Mtoto wangu hakuweza. Mimi niliwapa neno langu, nimekuja nalo. Sikuja kuomba binti. Nimekuja kuomba msamaha."

Kwa gusaba kuna maneno, watu huyajua tangu utotoni, na mzaha wake na majibu yake. Kwa hili hapakuwa na kitu. Mjomba wangu, mtu wa kelele nyingi, alisimama akavuka chumba akamkumbatia, wakakaa hivyo, wazee wawili wenye suti na shati lisilofungwa vizuri. Mama akaenda kuchemsha chai, akakaa jikoni muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Alikunywa kikombe kimoja. Alituambia Clovis amepata kazi ya muda Huye, kwa rafiki, anasimamia ujenzi wa darasa. Hasemi sana. Jumapili hii iliyopita alimwambia baba yake kila kitu tangu mwanzo, hata vile vipimo, hata shati, na mzee alisema kwamba katika miaka thelathini na sita hajawahi kumsikia mwanawe akisema maneno mengi kiasi hicho. Hakumtetea. Alipofika kwenye habari ya ule ukuta wa kambini alisita, akasema hakujua kuwa mtoto alikuwa anakumbuka.

Nilimsindikiza kituoni na mwavuli. Alikataa kuushika, akataka mimi niushike, kisha akatembea nusu nje yake ili nisilowe. Tulipofika, basi la Kabuga lilikuwa linajaza abiria, na tukasimama chini ya kibanda pamoja na watu wengine, wote wakitazama mvua. Ndipo akaniuliza, bila kunitazama, kama mtu anayeuliza saa.

"Unampenda, mwanangu?"

"Bado nampenda, baba."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Basi tuko wawili," akasema, akavaa kofia yake, akapanda basi.